Manesi Thelathini na Wenzao Wanne

Mume wa mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaani anaitwa Sentimita. Jina hilo alipewa na jirani aliyemletea suruali ipunguzwe kiunoni "kidogo tu." Fundi akauliza, kidogo ni sentimita ngapi? Jirani akasema, kidogo, fundi, wewe si ndiye unayejua? Fundi akasema hajui, ndiyo maana anauliza. Walivutana hivyo mpaka jirani akachukua suruali yake akaenda kuifunga kwa kamba, na tangu siku hiyo jina halisi la shemeji yangu limebaki kwenye kitambulisho tu.

Mimi nauza vitu vya ofisi vilivyotumika: viti vya kuzunguka, makabati ya chuma, mashine za kutoboa karatasi, saa za ukutani zilizosimama. Ofisi ikifilisika, wenye ofisi wanalia, wafanyakazi wanalia, mimi nafika na mkokoteni. Sijaua ofisi hata moja. Nazika tu.

Shemeji nimemjua vya kutosha kusema hivi: ni mtu mwema, mchapakazi, na akili ya biashara hana hata ya kulambia kijiko. Mteja akimwambia bei iko juu, hashushi wala hapandishi, anaanza kumweleza uzi uliokwenda, vifungo vilivyokwenda, pasi iliyokwenda, hadi mteja anaomba radhi na kuondoka. Lakini mkono wake ukishika mkasi, mimi mwenyewe nanyamaza.

Shida yake kubwa ilikuwa mahali pa kufanyia kazi. Alikuwa anashonea sebuleni kwa mama yetu. Alikuja hapo na cherehani moja "kwa muda," na huo muda ukaota mizizi. Kwanza cherehani, halafu kabati la nyuzi, halafu meza ya kukatia iliyoziba nusu ya dirisha. Mama akaniita niuze lile kochi lake refu ili meza ipate pa kukaa. Nikaliuza, na kitambaa chake kipya juu yake, kwa kinyozi wa barabara ya pili. Mama hakusema kitu siku hiyo. Alisema siku aliyokanyaga pini.

"Mkwe wangu," alimwambia, mguu ukiwa juu ya kigoda, "mimi nakupenda. Lakini nyumba hii niliijenga ya kukaa watu, si ya kuchomwa chomwa. Ukimaliza kazi hiyo ya hospitali, tafuta chumba."

"Nikimaliza vizuri, mama, chumba nitapata."

"Na usipomaliza vizuri?"

Sentimita akarudi kwenye cherehani yake. Mdogo wangu ndiye aliyenijibu mimi baadaye, jikoni: asipomaliza vizuri atarudi kwenye kiwanda cha kushona magunia, alikotoka kabla hawajaoana, akashone mstari mmoja ulionyooka asubuhi hadi jioni. Yule bwana akifikiria magunia, hata chai anaisahau mezani.

Kazi yenyewe ilikuwa magauni mia na ishirini ya manesi. Nesi Mkuu alikuwa ameahidi kwamba yakikaa vizuri, ushonaji wote wa hospitali utakuwa wa Sentimita: mashuka, mapazia, aproni za jikoni, kila kitu. Ukiwa na kazi ya namna hiyo, mwenye chumba yeyote anakufungulia mlango mwenyewe. Kwa hiyo magauni yale hayakuwa magauni. Yalikuwa ufunguo.

Sasa hapo ndipo kalkuleta inapoingia, na kalkuleta ilitoka kwangu.

Ofisi moja ya bima ilikuwa imefunga milango, nami nikabeba sanduku zima la vikokotoo vya kifedha, vile vya makarani wa mikopo. Vina vitufe vya riba, vitufe vya marejesho, vitufe vya miaka. Kuviuza ni kazi, maana mtu wa kawaida anataka kujumlisha nyanya, na ukimwonyesha kitufe cha riba anadhani unamkopesha. Shemeji akakiokota kimoja, akakigeuza geuza, akasoma kijitabu chake huku midomo ikicheza.

"Shemeji, kumbe hiki kinatafuta na wastani?"

"Kinatafuta kila kitu," nikamwambia, ingawa sikujua. "Na si kama hizi za sokoni. Hiki kinakumbuka hata ukikizima. Karani alikuwa anakizima Ijumaa, Jumatatu anakiwasha, mkopo wa mtu umekaa palepale unamsubiri."

"Hata kikizimwa?"

"Hata kikizimwa. Litambue hilo, ndiyo sifa yake."

Badala ya pesa, tukakubaliana anivalishe viti sita vya kuzunguka vitambaa vipya. Alitaka kuanza na kunieleza uzi, nikamwambia eleza cherehani.

Kwa nini fundi nguo atake wastani? Kwa sababu manesi wanafanya kazi kwa zamu, na Nesi Mkuu alikataa kuwapanga wote mia na ishirini wapimwe. "Hii ni hospitali," alisema, "si gwaride." Akamruhusu kupima thelathini, mara moja, na asirudi tena na futi yake. Sentimita akatueleza mpango wake wakati wa chakula, na kijiko kikiwa hewani. Unapima thelathini nyonga, maana nyonga ndiyo inayoamua gauni. Kifua kinarekebishwa kwa mishono. Kikokotoo kinakupa namba mbili. Ya kwanza ni wastani, yaani nesi wa katikati. Ya pili ni mtawanyiko, yaani wenzake wametapakaa umbali gani kutoka kwake. Kama watu wametawanyika kwa kawaida, karibu theluthi mbili yao wanaangukia katikati, moja ya sita wanabaki chini na moja ya sita juu. Basi unakata ishirini ndogo, themanini za kati, ishirini kubwa, na vipimo vya ndogo na kubwa unavipata kwa kutoa na kujumlisha ule mtawanyiko, kisha kila gauni unaliachia nafasi ya kuinamia.

Mama akatafuna kwanza, akameza. "Na huyo nesi wa katikati, wewe umemwona?"

"Hayupo mama, ni wa hesabu."

"Unamshonea mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo mama, lakini gauni likimwenea yeye, linawaenea wengi."

"Haya. Mimi nilidhani nimeozesha binti yangu kwa fundi nguo."

Siku ya kupima, walipewa chumba cha kuhifadhia bandeji. Mdogo wangu ndiye aliyeshika futi upande mmoja wa pazia. Sentimita alisimama upande wa pili, uso ukutani kwa heshima, kikokotoo mkononi. Karatasi hakubeba. Karatasi ya nini na mashine inajumlisha yenyewe papo hapo? Mke anaita namba, mume anabonyeza namba, halafu anabonyeza kile kitufe cha kuingiza data. Tena bila kutazama! Alikuwa amewaona makarani wa benki wanavyobonyeza macho yakiwa kwa mteja, akajizoeza wiki nzima, na siku hiyo akaonyesha ufundi wake kwa ukuta.

"Huyo huko nyuma anafanya nini?" nesi mmoja akauliza.

"Anaandika," mdogo wangu akajibu.

"Aandike vizuri basi, hiyo nyonga imenigharimu miaka."

"Mia na kumi na moja," mdogo wangu akaita.

"Polepole mama! Wodi nzima isikie?"

Walipomaliza, kikokotoo kikatoa jibu: wastani mia na saba, mtawanyiko kumi na tisa. Sentimita akafurahi kama amejifungua. Kubwa ikawa mia na ishirini na sita, ya kati mia na saba, ndogo themanini na nane. Akatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, akaanza na zile ishirini kubwa, kama mafundi wote wanavyoanza, ili vipande vinavyobaki visaidie ndogo. Mdogo wangu aliguna. Alisema hakumbuki kupima mtu wa mia na ishirini na sita. Mumewe akamwambia kumbukumbu ya binadamu ina mipaka.

Gauni la kwanza kubwa likashonwa, likapigwa pasi, likapelekwa hospitali lionekane. Mimi nilikuwepo kwa sababu zangu: nilisikia hospitali inabadilisha mabenchi ya wagonjwa, na mabenchi yakitupwa lazima yatupwe kwangu.

Nesi Mkuu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mlango wa chuma. Akaangalia gauni, akamwita nesi mkubwa kuliko wote, mama mmoja wa wodi ya wazazi mwenye mwili wa kutosha na asiyeuonea haya. Mama yule akaenda nyuma ya pazia, akatoka. Gauni lilimfuata, likawasili baadaye kidogo. Akajizungusha, lenyewe halikuzunguka.

"Fundi," akasema, "mwenzangu umemweka wapi?"

Nesi mwembamba aliyekuwa mlangoni hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akainama, akapenya kwa chini, akachomoza kichwa shingoni kando ya mwenzake. Wakatembea hivyo hadi dirishani na kurudi, vichwa viwili, miguu minne. Wagonjwa kwenye mabenchi, hata yule aliyekuwa amejikunja kwa tumbo, wakajikunjua watazame.

Nesi Mkuu hakucheka. "Fundi. Hili ni gauni au chandarua?"

Sentimita alikuwa anapepesa macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikaona nimwokoe.

"Mama, nguo ya kazi lazima ipumue," nikasema. "Mtu anainama, ananyanyua mgonjwa..."

"Ipumue, ndiyo. Hii inapiga miayo." Akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni wa mabenchi."

"Basi kaa kwenye mabenchi." Akamrudia Sentimita. "Jumatatu asubuhi nataka tatu hapa: ndogo, ya kati na kubwa. Nitachagua mwenyewe wa kuvaa. Zikikaa, endelea. Zisipokaa, kitambaa changu chote kirudi, nampa fundi mwingine. Kupima tena hakuna, nimeshakuchekea vya kutosha."

Hakuwa amecheka hata kidogo, lakini sikuona faida ya kumkumbusha.

Nyumbani ugomvi ukaanza kabla viatu havijavuliwa. Sentimita akamwambia mkewe alikuwa analegeza futi. Mkewe akamwambia futi haikulegea, kilicholegea kiko juu ya shingo yake.

"Mimi nimepima wale watu kwa mikono hii! Mwembamba kuliko wote hakushuka tisini, mnene kuliko wote hakuvuka mia na ishirini. Hao wako wa themanini na nane na wa mia na ishirini na sita umewatoa wapi?"

"Mashine imesema."

"Basi ukaoe mashine!"

Mama akapita na sufuria. "Akioa mashine," akasema, "itakaa wapi? Sebule imejaa."

Mimi hesabu za mtawanyiko sizijui, lakini mzigo naujua. Mtu akiniuzia viti, sianzi kuuliza ni vizuri au vibaya. Naanza kuhesabu vipande. Nikamwambia, "Shemeji, hebu tulia. Hicho kidude kinaweza kukwambia umeingiza watu wangapi?"

"Kuna kitufe cha idadi."

"Kibonyeze."

Akabonyeza. Akatazama. Akabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba kitufe kina usingizi.

"Thelathini na nne."

"Ulipima wangapi?"

"Thelathini."

"Hawa wanne ni akina nani?"

Sentimita akaanza kuhesabu kwa vidole wale aliowakumbuka kwa sauti zao, maana sura hakuziona. Ni mdogo wangu aliyeanza, kwanza kwa kukohoa, halafu akakaa chini sakafuni akacheka hadi khanga ikamdondoka begani. Alikuwa ananyoosha kidole tu. Tukafuata kidole. Kilikuwa kinaelekea kwenye makochi.

Ilikuwa hivi. Wiki aliyonunua kikokotoo, Sentimita alikuwa anamshonea mama vitambaa vya makochi. Ili kujizoeza, akaingiza upana wa kila kochi kwa kile kile kitufe cha data, akaona unavyojumlishwa, akafurahi, akakizima. Alidhani akikizima vinafutika kama kwenye zile za sokoni. Havikufutika. Vilikaa humo na subira yao, kochi refu, kochi la watu wawili na viti viwili vya mtu mmoja, hadi manesi walipokuja kuvikuta, wakaungana navyo kwenye hesabu moja.

"Yaani nesi wangu wa katikati..." Sentimita akaanza kusema.

"Ana mikono ya mbao," mdogo wangu akamalizia kutoka sakafuni.

"Shemeji," nikamwambia, "nilikwambia kinakumbuka hata ukikizima. Nilikwambia mara mbili, na nikakwambia ulitambue hilo."

"Nilidhani unauza tu!"

"Nilikuwa nauza. Na nilichouza kilikuwa kweli. Hilo halitokei kila siku, ungelishika."

Cha ajabu ni kwamba wastani haukuwa umepiga kelele yoyote. Makochi manne ndani ya umati wa manesi yaliusogeza kidogo tu, ndiyo maana mia na saba haikumshtua mtu. Uchafu ulikuwa umejificha kwenye mtawanyiko. Mtu mmoja mwenye upana wa ukuta akisimama kati ya watu wa kawaida, mashine inaamini kwamba hapo kila mtu yuko mbali na mwenzake.

Mama akatoa shauri lake la kufuta kila kitu na kuanza upya. Lakini kuanza upya na nini? Namba za manesi zilikuwa humo humo kwenye mashine, hazikuwa mahali pengine duniani, na kitufe cha kufuta hakichagui kati ya nesi na kochi. Mdogo wangu alikumbuka aliyekuwa mwembamba, aliyekuwa mnene, na yule wa mia na kumi na moja kwa sababu ya mdomo wake. Basi.

Sentimita akarudi kwenye kijitabu. Alikisoma akiwa amesimama, akakisoma amechuchumaa, mwishowe akapiga meza pini zikaruka. Kulikuwa na kitufe cha kutoa! Ukiwa umeingiza namba kwa makosa, unaiandika tena vilevile, unabonyeza cha kutoa, nayo inatoka kwenye hesabu kana kwamba haikuwahi kuingia. Ila lazima iwe ileile kamili.

"Mama, simama kidogo."

"Mimi nisimame kwa nini?"

"Nipime kiti."

"Kimekukosea nini tena?" Lakini akasimama.

Viti viwili, themanini na nane kila kimoja. Vikatoka. Kochi la watu wawili, mia na arobaini na nane. Likatoka. Sentimita akaita mtawanyiko mpya huku amefumba jicho moja. Kumi na nane.

"Umeshuka mmoja tu?" nikauliza.

"Haya yalikuwa wasindikizaji. Mwizi ni lile refu."

Na lile refu nililiuza mimi. Nikawahi kusema kabla hawajanitazama: "Weka mia mbili, lilikuwa kama mia mbili hivi." Akatoa mia mbili. Mtawanyiko ukaanguka hadi sita, nikapiga makofi. Yeye hakupiga. Akairudisha ile mia mbili, akajaribu mia na tisini. Ikatoka kumi.

"Unaona? Nikikosea hapa kidogo tu, kule nakosea gauni. Sita na kumi zote zinaonekana nzuri. Nitajuaje?"

Neno "kidogo" lilipotoka kinywani mwake, hata yeye mwenyewe alilisikia. Akachukua futi. Nikavaa kandambili nikamfuata, maana nikimwacha na kinyozi peke yake ataishia kumweleza uzi.

Kinyozi alikuwa na wateja watatu wanaosubiri, na wote watatu walikuwa wamekaa juu ya lile kochi bega kwa bega. Upana tulioutaka ni wa kukalia, kutoka mkono hadi mkono, na mikono haikuonekana kwa viwiko vya watu.

"Wakisimama, wanaondoka," kinyozi akasema bila kuacha kunyoa. "Mteja aliyesimama ameshafika nusu ya mlango. Rudini jioni."

"Jioni tunakata kitambaa. Ni kupima tu, kaka, kufumba na kufumbua."

"Kwani mlipoliuza hamkulipima?"

"Tuliliuza kwa macho."

"Basi lipimeni kwa macho."

Huyo alikuwa mtu wa kabila langu, nikimaanisha kabila la wanaojua mwenzao akiwa na haraka. Nikamwahidi kiti cha kuzunguka kilichovalishwa kitambaa kipya. Akatikisa kichwa. Nikamwahidi saa ya ukutani. Akauliza inatembea? Nikabadilisha mazungumzo. Ndipo nikaona macho yake yanakwenda kwenye ukuta, kwenye picha aliyoichora mwenyewe ya kichwa cha mtu kilichonyolewa kwa ngazi, daraja juu ya daraja, kuanzia masikioni hadi utosini. Mtindo wa kwake mwenyewe. Vumbi la ile picha lilitosha kuniambia kwamba hakuna aliyewahi kuuomba.

"Unahitaji kichwa," nikamwambia.

Mkasi ukasimama. "Kichwa kimoja tu kikitembea nao barabarani, watu watauona."

"Chukua hicho." Nikamwonyesha Sentimita.

Shemeji ana, au tuseme alikuwa na, nywele za kulala upande, na njia iliyonyooka kama imepigwa rula. Alizichana hivyo siku ya harusi na hakuwahi kuzichana vingine. Akazishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, hapana. Shemeji, Jumatatu naenda kwa Nesi Mkuu!"

"Unakwenda na magauni au unakwenda na nywele?"

"Nywele ni zangu!"

"Na magunia yatakuwa yako pia. Kaa."

Akakaa. Wale watatu kwenye kochi, waliokuwa hawasimami hata kwa moto, walisimama wenyewe waone vizuri, na mimi nikapita nyuma yao na futi. Nikasoma, nikamwita aje ahakikishe kwa sababu namba yangu asingeiamini. Akaja na shuka la kinyozi shingoni, upande mmoja ngazi, upande mwingine bado harusi. Akapima. Akainama karibu kabisa.

"Mia na tisini na sita," akasema polepole. "Sita! Nakumbuka ilikuwa na sita."

Akaitoa hapo hapo, kikokotoo juu ya mkono wa kochi. Idadi, thelathini. Wastani, mia na nne. Mtawanyiko, nane. Akakokotoa: ndogo tisini na sita, kati mia na nne, kubwa mia na kumi na mbili. Akakumbuka maneno ya mkewe, kwamba hakuna aliyeshuka tisini wala kuvuka mia na ishirini, akatazama namba zake, na bega moja likashuka, halafu la pili. Kinyozi akamwambia arudi kitini, daraja la tatu lilikuwa halijaisha.

Zile kubwa ishirini zilizokwisha kukatwa hazikupotea. Kitambaa kilichozidi unakipunguza, kilichopungua ndicho hakina dawa. Angeanza na ndogo, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Mama alipomwona mlangoni alitazama kile kichwa kwa muda, akauliza kama hospitali imemwekea dawa. Mdogo wangu hakuuliza. Aliingia chumbani, akafunga mlango, tukamsikia anacheka kwenye mto.

Jumatatu Nesi Mkuu alichagua wavaaji mwenyewe, kama alivyoahidi, na alichagua kwa ubaya: yule mama wa wodi ya wazazi, yule mwembamba aliyempenyea, na wa katikati akajichagua yeye. Mama wa wodi akavuta pumzi, akainama, akanyanyua hewa kama ananyanyua mgonjwa. Hakuna kilicholia, japo alinong'ona kwamba chakula cha mchana kitabidi kimwombe ruhusa. Mwembamba akajitazama kwenye kioo cha dirisha akasahau kurudi. Nesi Mkuu akatoka nyuma ya pazia akijipapasa nyongani.

"Umenipima lini mimi?"

"Sikukupima, mama," Sentimita akasema. "Wewe ndiye wa katikati."

Chumba kizima kikaangua kicheko, naye Sentimita akadhani wanacheka gauni, akabadilika rangi. Hawakucheka gauni. Wakati wa kujibu alikuwa amevua, kwa heshima, kofia aliyoivaa kuficha zile ngazi.

"Fundi," Nesi Mkuu akasema, na safari hii midomo yake ilikuwa inamponyoka, "endelea na kazi. Kichwa hicho usimshonee mtu mwingine."

Mabenchi nilipata, kwa taarifa tu.

Sentimita sasa ana chumba chake, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Mama amerudishiwa dirisha, ila bado anakanyaga pini, na kila akikanyaga anatuma mtu akamwambie. Kabla ya kuanza kazi yoyote, shemeji anafuta mashine mbele ya mteja, anamwonyesha idadi imesimama kwenye sifuri, kisha anaiingiza namba ya kwanza na kumwonyesha moja. Macho haondoi tena. Nywele zimeota, na njia imerudi mahali pake.

Vikokotoo vingine bado ninavyo. Vimepanda bei, kwa sababu sasa naweza kueleza vinafanya nini, na nikifika kwenye ile sifa ya kukumbuka hata vikizimwa, namwambia mteja arudie maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe, shahidi akiwepo.